Nyasi za Roan Mountain hazijitunzi zenyewe

Ukitaka kuziua nyasi za kileleni Roan Mountain, huhitaji trekta wala kiberiti. Ziwekee ulinzi mkali, ondoa mifugo yote, kataza kufyeka, kisha kaa pembeni. Miaka michache ikipita, miiba itakuwa imefika magotini. Muongo ukiisha itafika kifuani, na baada yake miti itafunga anga. Sisemi hayo kwa kukisia. Vilele kadhaa vya milima jirani vimeshapotea kwa njia hiyohiyo, vikiwa ndani ya hifadhi, chini ya sheria nzuri na watu wenye nia njema.

Roan ni mlima wa mpakani. Mstari unaotenganisha majimbo ya North Carolina na Tennessee, huko Marekani, unapita juu ya mgongo wake. Upande wa North Carolina kuna Msitu wa Taifa wa Pisgah, upande wa Tennessee kuna Msitu wa Taifa wa Cherokee, na chini zaidi kuna Roan Mountain State Park, ambayo ni hifadhi ya jimbo. Barabara inauvuka mgongo huo mahali paitwapo Carvers Gap, mita 1,680 juu ya usawa wa bahari. Ukisimama hapo unaona milima miwili ndani ya mmoja. Magharibi ya barabara kuna msitu mweusi, mnyevu, unaopanda hadi Roan High Knob, mita 1,916. Mashariki kuna vipara, yaani vilele vya nyasi visivyo na miti: Round Bald mita 1,776, Jane Bald mita 1,770, kisha Grassy Ridge mita 1,886, na mbele zaidi Little Hump na Hump Mountain. Katika safu nzima ya Appalachia hakuna mfululizo mrefu wa vilele vya nyasi kuushinda huu.

Kinachowasumbua wataalamu ni kwamba nyasi hizo, kwa hesabu ya kawaida, hazikupaswa kuwepo. Kwenye milima mirefu sana miti hukoma kwa sababu ya baridi, na juu ya hapo hubaki majani na mawe. Lakini Appalachia ya kusini haifikii urefu huo. Hata Mount Mitchell, mrefu kuliko yote mashariki ya mto Mississippi kwa mita zake 2,037, umevikwa miti hadi juu. Roan nayo ina miti ya sprusi na firi inayostawi kwenye mwinuko uleule, tena mrefu zaidi, upande wa pili wa barabara. Hivyo baridi haiwezi kuwa ndiyo iliyozuia miti Round Bald. Wengine wanautaja upepo, wengine moto, wengine barafu inayovunja matawi. Kila sababu inaeleza kilele kimoja na kushindwa kwenye kinachofuata.

Hoja inayonishawishi zaidi ni ile iliyotetewa na wanaekolojia Peter Weigl na Travis Knowles: nyasi hizi ni kazi ya meno. Enzi ya barafu ilipokuwa inaisha, vilele hivi vilikuwa na uoto mfupi wa nchi za baridi, na wanyama wakubwa waliokuwepo wakati huo, mamothi wakiwa miongoni mwao, walikula miche kabla haijawa miti. Wanyama hao walipotoweka, elki na baisani waliendelea na kazi hiyo hadi bunduki zilipowamaliza katika eneo hili, kati ya karne ya 18 na ya 19. Wakati huo walowezi walikuwa wamekwisha kuanza kupandisha ng'ombe, kondoo na farasi kila majira ya joto. Meno yalibadilika, kazi haikukatika. Wapo wasioikubali hoja hii kwa vipara vyote, nao wana haki, kwa kuwa vingine vinajulikana kabisa kuwa vilifyekwa na walowezi. Ila kwa Roan kuna jambo la kutia uzito: mwishoni mwa Septemba 1780, wanamgambo waliokuwa wakielekea vitani Kings Mountain walivuka mgongo huu kwenye Yellow Mountain Gap, na kumbukumbu za safari hiyo zinataja uwanda wazi juu ya mlima. Ufugaji wa walowezi ulikuwa bado mchanga mno kuweza kuufungua uwanda kama huo.

Jaribio lililojibu swali la nini hutokea meno yakiondoka lilifanyika bila kukusudiwa, kusini magharibi ya Roan, katika Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1934 na mifugo ikaondolewa. Spence Field, Russell Field, Parsons Bald na Silers Bald vilianza kujifunga. Silers Bald bado ina jina lake, lakini anayefika leo anatembea kwenye miti na kupata kipande kidogo tu cha uwazi. Katika miaka ya 1980 wasimamizi waliamua kwamba vipara viwili, Gregory Bald na Andrews Bald, vitashikiliwa kwa kufyekwa, na vingine vitaachiwa msitu. Ukienda leo utaona matokeo ya maamuzi yote mawili. Gregory Bald, mita 1,508, bado inawaka rangi za maua ya azalea kila Juni.

Miiba ndiyo inayotangulia

Watu hudhani adui wa kwanza wa nyasi ni mti. Sivyo. Wa kwanza ni blakiberi, hasa ile isiyo na miiba mingi, Rubus canadensis. Mizizi yake huishi miaka mingi chini ya ardhi, lakini kila shina huishi miaka miwili tu: mwaka wa kwanza linarefuka, wa pili linazaa, kisha linakufa likiwa limesimama. Kila mwaka mizizi hutoa machipukizi mapya pembeni, hivyo kichaka hupanuka kama doa la wino kwenye karatasi. Chini yake mwanga unakuwa mdogo. Nyasi fupi zinazounda zulia la asili la kipara, Danthonia compressa, pamoja na ndago zake, haziwezi kuvumilia kivuli hicho. Zinapungua, udongo unabaki wazi chini ya mashina, na hapo ndipo mbegu za miti hupata pa kuotea. Juu ya zulia zima la nyasi mbegu nyingi zingekauka kabla ya kugusa udongo.

Kwa hiyo kufyeka blakiberi ni kulinda nyasi dhidi ya miti kwa miaka ishirini ijayo. Lakini wakati wa kufyeka ni muhimu kuliko ukali wa fyekeo. Ukikata majira ya baridi au mapema mno masika, chakula chote bado kimo mizizini, na kichaka hurudi kikiwa na mashina mengi kuliko uliyoyakata. Ukikata katikati ya majira ya joto, Julai hadi mwanzo wa Agosti, mmea umeshatumia akiba yake kukuza majani na bado haujairudisha chini. Hapo mmea unaumia. Hata hivyo mkato mmoja hauui. Inatakiwa kurudia mwaka baada ya mwaka mahali palepale hadi akiba iishe, na ukiruka miaka miwili umeanza upya. Hili ndilo kosa linaloonekana mara nyingi kwenye miradi ya vipara: eneo kubwa hufyekwa kwa shangwe mwaka wa kwanza, nguvu zinaisha, na mwaka wa nne hakuna tofauti. Heri kipande cha ukubwa wa uwanja wa mpira kinachorudiwa bila kukosa kuliko mlima mzima uliofyekwa mara moja.

Kuna sababu nyingine ya kungoja Julai. Ndege wengi wa maeneo ya wazi hujenga viota ardhini au karibu na ardhi, na hadi mwisho wa Juni makinda wengi bado hawajaruka. Mmoja wa wanaoangaliwa kwa makini Roan ni Vermivora chrysoptera, ndege mdogo wa kijivu mwenye bawa lenye doa la dhahabu, ambaye idadi yake imeshuka vibaya katika Appalachia. Yeye anataka mchanganyiko: nyasi, vichaka vilivyotawanyika, na msitu mkubwa ulio karibu ambamo makinda watapelekwa wakishaweza kuruka. Ukifyeka hadi ukutani mwa msitu ukaacha mstari kama uliopigwa rula, umemfukuza. Ukingo unaofaa ni ule uliochakaa, vichaka vikiingia na kutoka, mita kumi hapa, arobaini pale.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyosikika. Grassy Ridge haina barabara. Kila majira ya joto watu wa kujitolea wa Southern Appalachian Highlands Conservancy, shirika lililoanzishwa mwaka 1974 na lenye makao yake Asheville, hupanda huko na mashine za kufyekea, mafuta, maji na chakula migongoni, takriban kilomita 4 kutoka Carvers Gap. Mashine za magurudumu hazifai penye mawe yaliyojificha ndani ya nyasi, visu hupasuka. Za mkononi zenye kisu cha chuma hufaa zaidi kwa mashina makavu ya miaka miwili, kwa kuwa uzi wa plastiki huyachana bila kuyakata. Kabla mashine haijawashwa, mtu hutangulia na utepe kuweka alama kwenye kila yungiyungi la Gray.

Yungiyungi hilo, Lilium grayi, linastahili aya yake. Limepewa jina la mtaalamu wa mimea Asa Gray, aliyepanda Roan mwaka 1841. Ua ni jekundu lenye madoadoa ya zambarau ndani, lina umbo la kengele nyembamba, linainama pembeni, na halifunguki sana kama mayungiyungi mengine. Hutoka mwisho wa Juni na sehemu ya Julai. Linapenda mwanga, hivyo miiba inalidhuru, lakini kufyeka ovyo kunalikata kabla halijatoa mbegu. Sungura na kulungu hulila. Juu ya hayo kuna ugonjwa wa kuvu unaoacha mabaka ya hudhurungi kwenye majani, kisha shina zima hunyauka. Ukiliona lenye mabaka, usilishike ukaenda kulishika lingine. Na hata lililo zima ni la kutazamwa kwa macho: ukilikata ua moja umeondoa mbegu zote ambazo ua hilo lingetoa mwaka huo, tena mbegu za mmea wa aina ambayo haipatikani nje ya milima hii michache.

Mbuzi, alda na swali la rododendroni

Mwaka 2008 mbuzi walianza kutumika Roan kula blakiberi, katika mradi ujulikanao kama Baatany. Wazo ni rahisi na zuri. Ng'ombe hupenda nyasi na huacha kichaka. Mbuzi huanza na majani ya kichaka, na nyasi huzigusa baadaye. Lakini mbuzi hana macho ya kutofautisha blakiberi na mmea adimu, kwa hiyo lazima mtu amchagulie. Wanazungushiwa uzio mwepesi wa umeme kwenye kipande kidogo, wanakaa hadi majani ya blakiberi yamekwisha, na wanahamishwa siku hiyohiyo wanapoanza kugeukia nyasi. Ukichelewa kuwahamisha, watakula zulia lenyewe na kwato zitafungua udongo. Mbwa wa kulinda mifugo hulala nao kwa sababu ya koyote, mbwa mwitu wa huko. Na kabla ya kupandishwa mlimani, mifugo yoyote inapaswa kulishwa malisho safi kwa siku kadhaa, maana mbegu za magugu ya bondeni husafiri tumboni zikiwa salama na kuota penye samadi.

Baada ya blakiberi huja alda ya kijani, na hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu. Kichaka hiki ni cha nchi za kaskazini. Kwenye Roan kimebaki peke yake, mbali sana na ndugu zake, na kwa hiyo chenyewe ni hazina. Wakati huohuo kinapanuka juu ya nyasi, na mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaonasa nitrojeni kutoka hewani. Udongo wa kipara ni maskini na wenye tindikali, na mimea yake imezoea umaskini huo. Alda ikiurutubisha, magugu ya kawaida hupata nafasi ambayo hayakuwa nayo. Kwa hiyo hapafai kung'oa yote wala kuacha yote. Kinachofaa ni kuchora mipaka: hapa ibaki, pale isipite. Anayetaka kanuni moja ya kutumika mlima mzima hataipata.

Halafu kuna rododendroni ya Catawba, ambayo ndiyo inayoleta magari mengi Carvers Gap. Kwa kawaida huchanua nusu ya pili ya Juni, siku chache mapema au baadaye kulingana na joto la masika, na vichaka vilivyo chini hutangulia vya juu. Ni maua ya zambarau iliyokolea, kila kishada kikubwa kuliko ngumi. Lakini rododendroni hizo pia ni kichaka kinachosonga mbele. Matawi ya chini yakigusa udongo hutoa mizizi, na kichaka huongezeka upana kila mwaka. Chini yake hakuna jani la nyasi linaloota. Wageni wengi wanaoomba mlima ulindwe wanapiga picha za kitu kinachoufunga mlima huohuo polepole. Maoni yangu ni kwamba rododendroni za upande wa msituni, zile za eneo la Rhododendron Gardens magharibi ya Carvers Gap, ziachwe zitambe zinavyotaka, na zile za Round Bald na Jane Bald zizuiwe kwenye visiwa vilivyopo sasa. Kuna watakaonuna. Lakini maua hayo yana mahali pengine pa kukaa, na zulia hili la Danthonia halina.

Ukienda majira ya baridi, simama mbele ya kichaka kimoja cha rododendroni na utazame majani. Halijoto ikiwa juu kidogo ya sifuri yamelala bapa. Baridi inapozidi huinamia chini, na ikikaza kabisa kila jani hujiviringa kwa urefu hadi linakuwa jembamba kama penseli. Ukizoea, unaweza kukisia ukali wa baridi kwa kuangalia tu. Majani hayajafa. Jua likipanda, yanafunguka tena.

Msitu wa upande wa pili

Haina maana kuzungumzia nyasi bila msitu unaozizunguka, kwa sababu wanyama na maji havijui mpaka huo. Juu ya Roan kuna miti mikuu miwili yenye majani ya sindano. Watu wengi huichanganya, na kuitenganisha ni kazi ya sekunde tano. Chuma sindano moja uiviringishe kati ya vidole. Sprusi nyekundu ina pembe nne, inazunguka vizuri na inachoma. Firi ya Fraser ni bapa, haizunguki, na ukiigeuza utaona mistari miwili myeupe chini yake. Koni za sprusi huning'inia. Za firi husimama wima juu ya tawi, na zikikomaa husambaratika hapohapo mtini, ndiyo maana huokoti koni nzima ya firi chini.

Firi ndiyo mgonjwa. Mdudu mdogo kutoka Ulaya, Adelges piceae, aligunduliwa kwenye Mount Mitchell mwaka 1957 na akaenea katika milima yote ya juu ya kusini. Hafiki hata milimita moja. Utamtambua kwa vidonge vyeupe kama pamba vilivyobandikwa kwenye gome. Anafyonza, mti unajibu kwa kuunda mbao ngumu isiyopitisha maji, na mti mkubwa hufa ndani ya miaka michache. Miti michanga ina gome laini lisilo na nyufa za kumficha, hivyo mara nyingi huponea, hukua, huzaa mbegu kidogo, kisha hushikwa na mdudu huyo ikifikia ukubwa. Ndiyo sababu sehemu nyingi za msitu huu zina firi nyingi changa zilizosongamana na magogo meupe yaliyosimama katikati. Mgeni huona ujana huo akadhani msitu umepona. Umepumua tu.

Kivuli kinapovunjika, wanaoumia ni wadogo walio chini. Buibui Microhexura montivaga, mwenye urefu wa milimita 3 hadi 4, huishi ndani ya zulia la kuvumwani juu ya mawe yenye kivuli, mahali pasipokauka wala kulowa chepechepe. Jua likilifikia zulia hilo, linakauka na buibui anakufa. Mwaka 1995 aliingizwa kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kindi wa kaskazini anayepaa, wa jamii ndogo ya Carolina, naye yumo kwenye orodha hiyo tangu mwaka 1985. Hula kuvu za ardhini zinazoota pamoja na mizizi ya sprusi na firi, na mavi yake husambaza mbegu za kuvu hizo. Kwa hiyo mtu anayebandua zulia la kijani kwenye jiwe ili akae pakavu, au anayetoka njiani kukata kona, anaweza kuwa amevunja nyumba ya kiumbe ambaye dunia nzima anaishi kwenye vilele vichache tu.

Msitu huu si wa kale ambao haujaguswa. Mwaka 1885 Jenerali John T. Wilder alijenga juu ya Roan hoteli kubwa, Cloudland, na jengo lake lilikaa juu ya mstari wa mpaka wa majimbo. Mwanzoni mwa karne ya 20 hoteli ilikuwa imeachwa, na baadaye sprusi na firi nyingi zikakatwa kwa mbao. Serikali ya shirikisho ilinunua sehemu kubwa ya kilele miaka ya 1940. Miti mingi unayopita leo imeota baada ya hapo.

Kwa anayekwenda

Njia ya Appalachian, njia ndefu ya watembea kwa miguu, inapita Carvers Gap. Ukielekea mashariki utapita kipande kifupi cha miti, kokoto zilizoshindiliwa na ngazi za mbao, na baada ya kilomita moja hivi uko juu ya Round Bald. Jane Bald ni kilomita nyingine kama moja. Baada ya Jane Bald njia kuu inapinda kushoto na kupita chini ya Grassy Ridge. Anayetaka kileleni anashika kijia cha kulia. Hapo ndipo wengi hupotea, hasa penye ukungu. Njia kuu ina alama nyeupe za rangi, sentimita 5 kwa 15, kwenye miti, mawe na nguzo. Ukitembea muda mrefu bila kuona alama nyeupe, na hukukusudia kupanda Grassy Ridge, geuka urudi hadi ya mwisho uliyoiona.

Kokoto na ngazi ni kwa ajili ya udongo, wala si za kurahisisha mwendo tu. Udongo wa kipara ni mweusi, laini, umejaa mizizi, na umeshikwa na nyasi pekee. Watu wakikwepa dimbwi kwa kutembea pembeni, nyasi za pembeni hufa, dimbwi linapanuka, anayefuata anakwepa zaidi. Mvua kubwa ikija maji yanafuata mfereji huo na kuchimba. Kilichoanza kama kijia cha nusu mita kinakuwa bonde la mita nne. Kwa hiyo pita katikati ya tope. Vaa buti zinazostahimili kulowa, hilo ndilo suluhisho. Ukihitaji kupumzika, kaa juu ya mwamba mtupu. Mimea midogo iliyojibana kwenye nyufa za miamba ya Round Bald imechukua miaka mingi kufikia kimo cha kidole.

Hema usipige kwenye nyasi. Kilichotokea Max Patch, kipara kingine kusini magharibi ya hapa, ni funzo la wazi. Mwaka 2020 picha iliyopigwa kutoka angani ilionyesha zaidi ya mahema mia moja juu ya kilele usiku mmoja. Nyasi zikafa kwa mabaka, takataka na kinyesi vikajaa, na Julai 2021 Idara ya Misitu ya Marekani ikapiga marufuku kulala na kuwasha moto hapo, ikaweka kikomo cha watu kumi kwa kundi na ikaamuru kila mtu abaki njiani. Anayelala Roan alale kwenye vibanda vya njiani au chini ya miti, mahali palipokwisha kutumika. Chakula kiwe kwenye kopo gumu la kuzuia dubu. Kamba mtini ni ya kutegemea pale tu penye tawi refu, na miti ya huku juu ni mifupi mno.

Radi ni hatari kuliko dubu. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hujijenga baada ya saa sita mchana, na juu ya kipara wewe ndiye kitu kirefu. Panda alfajiri, uwe umeshuka kabla ya adhuhuri kupita. Ukiona mwanga, hesabu hadi usikie ngurumo: kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Ikiwa hesabu haifiki thelathini, umechelewa, shuka kwenye mgongo wa mlima mara moja kuelekea msitu wenye miti ya kimo kinacholingana. Usijibanze chini ya kikundi cha sprusi kilicho peke yake katikati ya nyasi, hata mvua iwe kali kiasi gani.

Beba maji ya kutosha, lita mbili kwa mtu anayekwenda Grassy Ridge na kurudi siku ya jua, kwa sababu mgongoni hakuna kivuli na chemchemi za kutegemea zipo chini ya njia. Koti la upepo liwe begani hata Julai. Suruali iingizwe ndani ya soksi, kwa ajili ya kupe wa bondeni na mashina makavu ya blakiberi. Maegesho ya Carvers Gap ni madogo. Wikendi za Juni hujaa mapema asubuhi, na kuegesha kwenye bega la barabara huziba magari ya dharura na kuua nyasi za ukingoni. Nenda siku ya kazi. Barabara ya bustani za rododendroni hufungwa majira ya baridi. Na tangu Kimbunga Helene cha Septemba 2024, kilichoharibu barabara na madaraja ya pande zote mbili za mlima, ni vizuri kuangalia matangazo ya Idara ya Misitu kuhusu njia uliyoichagua kabla ya kuondoka. Ukiwa bado nyumbani, sugua soli za buti kwa brashi hadi tope la safari iliyopita litoke lote, pamoja na lile lililokauka kwenye kona za kisigino, kwa sababu mbegu nyingi za magugu hukaa hapo.